Sabuni ya Kufulia ya Nyumbani: Mzani Kwanza, Daftari Pili

Somo la vikundi vya masomo katika vyama vya msingi
Limetayarishwa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Pemba



Katika ziara zangu za ukaguzi kisiwani kwetu, kutoka Mkoani mpaka Konde, nimeona vyama vingi vya akina mama, na baadhi ya vyama vya wakulima wa minazi, vimeanza kutengeneza sabuni ya kufulia. Jambo hili ni jema. Mafuta ya nazi tunayo, mikono ya kazi tunayo, na hapana nyumba isiyofua nguo. Wazee wetu wanakumbuka vyema mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni ilipokuwa miongoni mwa bidhaa adimu nchini Tanzania na watu wakiipangia foleni. Mtu aliyeonja dhiki ile hahitaji kuelezwa faida ya kujua kuitengeneza mwenyewe.

Lakini mkaguzi hatumwi kusifu tu. Chama kimoja, ambacho sitakitaja jina, kilinipokea kwa ukarimu mkubwa, na Bi Katibu akanifungulia daftari lake. Niliona limeandikwa hivi: "Sabuni vipande 30, zimeuzwa." Hapakuwa na neno jingine. Nilipomtazama mikono, niliona ngozi ya vidole imechunika. Nikauliza, nikaambiwa wanachama wote wanaotengeneza sabuni wako hivyo, na kwamba wanunuzi wawili wamekwisharudisha sabuni zao kwa sababu hiyo hiyo. Nikaomba kuona wanavyopima. Nikaoneshwa kopo la maziwa: makopo kadhaa ya mafuta, kopo moja "lisilojaa sana" la kostiki soda. Na juu ya meza, katika chupa ya maji ya kunywa isiyo na alama yoyote, palikuwa na maji ya kostiki yaliyobaki jana yake. Mtoto wa mwanachama mmoja alikuwa akicheza chini ya meza ile.

Chama kile hakikuwa cha wavivu wala cha watu wasio waaminifu. Kilikosa vitu viwili tu: mzani na daftari. Kukosa mzani kulichoma mikono, na kukosa daftari, kama tutakavyoona mbele, kulikuwa kukila mali ya wanachama kimya kimya. Somo hili linahusu vitu viwili hivyo.

1. SABUNI NI KITU GANI?

Sabuni hupatikana pale mafuta yanapokutana na dawa kali ya jamii ya magadi, vikageuka pamoja kuwa vitu vipya viwili: sabuni yenyewe na gliserini. Kazi ikifanywa kwa kipimo sahihi, ule ukali wa dawa hutoweka kabisa, kwa kuwa wote umetumika kuyageuza mafuta. Dawa ikizidi, inayozidi hubaki ndani ya sabuni na kuchoma ngozi na nguo. Mafuta yakizidi sana, sabuni huwa laini, huteleza kwa mafuta na haisafishi vizuri.

Zamani dawa hiyo ilitoka katika majivu. Majivu ya makumbi ya nazi, kwa mfano, yana aina ya magadi inayoyeyuka majini, na maji yake yakichemshwa na mafuta hutoa sabuni laini. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi, na mwaka 1823 Mfaransa mwingine, Michel Eugène Chevreul, akachapisha kitabu kilichoeleza mafuta yameundwa kwa nini na hugeukaje kuwa sabuni. Tangu hapo sabuni haikuwa tena kazi ya kubahatisha. Karne ile ile ya 19, wafanyabiashara wa Marseille, mji mashuhuri kwa sabuni, walikuwa wakifika katika pwani yetu kununua ufuta na mazao ya mnazi. Basi mafuta ya nchi yetu yalikuwa yakiwafulia watu wa mbali kabla sisi wenyewe hatujapata kiwanda.

Siku hizi tunatumia kostiki soda inayouzwa madukani. Wanachama wasiichanganye na magadi ya kupikia. Magadi ni dhaifu, na hayawezi kuyageuza mafuta ya nazi kuwa sabuni ngumu kwa njia ya baridi tutakayoieleza hapa.

2. KWA NINI MAFUTA YA NAZI?

Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi iitwayo lauriki. Hiyo ndiyo inayoipa sabuni ya nazi sifa mbili. Kwanza, huwa ngumu upesi na hutoa povu jingi. Pili, hutoa povu hata katika maji ya chumvi, na ndiyo maana sabuni ya nazi ilikuwa sabuni ya mabaharia. Kwa mwenzetu anayeishi karibu na ufuo na kufua kwa maji ya kisima chenye chumvichumvi, sifa hii si ndogo. Sabuni za mafuta mengine katika maji kama hayo huacha utando mweupe na kutumika nyingi bila faida.

Lakini sabuni ya nazi tupu ina kasoro yake: husafisha mno hata ikaondoa mafuta ya ngozi. Kwa kufulia inafaa sana. Kwa kuogea, mapishi yake ni mengine, na somo hili halihusu hayo.

3. HADHARI KABLA YA KAZI

Kostiki soda si kitu cha mchezo. Hula ngozi, huharibu macho, na mtoto akiimeza huunguza koo na njia ya chakula kwa namna ambayo yaweza kumtesa maisha yake yote. Kwa hiyo kila chama kishike kanuni hizi bila kuzilegeza:

(a) Kostiki soda iwekwe katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, kimeandikwa kwa herufi kubwa HATARI - KOSTIKI SODA, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ufunguo awe nao mtu mmoja anayejulikana. Kufunga vizuri kuna faida nyingine pia: soda iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, khasa wakati wa masika, na hupungua nguvu.

(b) Soda, au maji yake, kamwe visitiwe katika chupa ya maji, ya soda ya kunywa, au ya mafuta ya kula. Maji ya kostiki hayana rangi. Mtoto hawezi kuyatofautisha na maji ya kunywa, wala mtu mzima hawezi.

(c) Mtengenezaji avae glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu na viatu. Kazi ifanyike nje au mahali penye hewa, na watoto wasiwepo kabisa.

(d) Soda ndiyo itiwe ndani ya maji, kidogo kidogo huku ikikorogwa. Maji yasimwagwe juu ya soda, kwani yatachemka kwa ghafla na kuruka usoni. Hata ukifuata utaratibu, maji yatapata moto mkali na kutoa mvuke. Usiinamie chombo.

(e) Vyombo viwe vya plastiki ngumu isiyoyeyuka kwa moto, au vya chuma kisichoshika kutu, na mwiko uwe wa mbao. Sufuria za alumini ni marufuku. Kostiki hula alumini na kutoa hewa inayoweza kuwaka moto. Vyombo vya sabuni visirudi jikoni.

(f) Ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyoloa na suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa nusu saa. Usipake siki wala ndimu. Ikiingia jichoni, suuza vivyo hivyo bila kukoma, kisha nenda hospitali. Aliyeimeza asitapishwe: asuuzwe mdomo na apelekwe haraka katika hospitali iliyo karibu, iwe ya Abdalla Mzee Mkoani, ya Chake Chake, ya Wete au ya Micheweni.

4. KIPIMO

Hapa ndipo penye roho ya somo letu. Kopo na kikombe hupima ujazo, ilhali sabuni hutaka uzito. Kopo la kostiki ya chembe kubwa na kopo la kostiki ya unga havina uzito mmoja, na kilo moja ya mafuta haijazi chombo sawa na kilo moja ya maji. Sisi watu wa Pemba tunalijua jambo hili katika karafuu. Hapana mkulima anayekubali karafuu zake zipokelewe kituoni kwa kukadiriwa kwa macho au kwa pakacha. Husimama mbele ya mizani na kuutazama mshale mpaka utulie. Basi jicho lile lile tulitumie katika sabuni.

Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki soda ili igeuke yote. Sisi tutatumia gramu 178, yaani tutapunguza kidogo kwa makusudi ili yabaki mafuta kiasi, isibaki soda. Uzito wa maji uwe mara mbili ya uzito wa soda. Kwa hiyo:

Mafuta ya nazi: kilo 1
Kostiki soda: gramu 178
Maji safi: gramu 356

Kwa kilo 10 za mafuta zidisha kila kitu kwa kumi: soda kilo 1 na gramu 780, maji kilo 3 na gramu 560.

Wanachama wenye biashara ya kukaanga huuliza juu ya mafuta yaliyokwishakaangia. Yanafaa, baada ya kuchujwa kwa kitambaa. Lakini mafuta ya mawese au ya alizeti huhitaji soda kidogo kuliko ya nazi: tumia gramu 130 kwa kilo. Mtu atakayetumia kipimo cha nazi kwa mafuta haya atatengeneza sabuni ya kuchoma watu. Ukichanganya nusu kwa nusu, piga hesabu ya kila sehemu peke yake, kisha jumlisha: nusu kilo ya nazi gramu 89, nusu kilo ya mafuta ya kukaangia gramu 65, jumla gramu 154 kwa kilo moja ya mchanganyiko. Sabuni hiyo hukawia zaidi kuwa ngumu.

Mzani uwe ule unaoonesha gramu. Mizani ya kupimia magunia haifai kwa kazi hii. Chama kisicho na fedha za kununua mzani kisianze kutengeneza sabuni. Nasema hivi bila kuficha: kifaa cha kwanza cha kununuliwa ni mzani, cha pili ni glavu na miwani, ndipo ifuate soda.

5. NAMNA YA KUTENGENEZA

Hatua ya kwanza. Pima maji, pima soda, kila kimoja katika chombo chake. Tia soda ndani ya maji kidogo kidogo, koroga mpaka iyeyuke yote, kisha acha ipoe mpaka chombo kiwe vuguvugu kwa nje.

Hatua ya pili. Pima mafuta. Yawe safi, yasiwe na machicha wala maji ya tui yaliyobaki chini. Mafuta yenye maji hudanganya mzani, kwa kuwa utahesabu maji kama mafuta, na soda itazidi. Mafuta yaliyokamuliwa nyumbani yapashwe moto mpaka yaache kutoa mapovu, ndipo yaachwe yapoe hadi vuguvugu.

Hatua ya tatu. Mimina maji ya soda ndani ya mafuta polepole, ukikoroga kwa mwiko bila kukoma. Mchanganyiko utaanza kupauka, kisha utakuwa mzito kama uji. Ukiinua mwiko, tone linaloanguka likiacha alama juu ya uso wa uji ule, umefikia kiasi. Kwa mkono yaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Usikate tamaa wala usiongeze soda ili kuharakisha.

Hatua ya nne. Mimina katika kalibu ya mbao iliyotandikwa plastiki nene na uifunike. Sabuni itapata moto yenyewe, nayo ni dalili njema.

Hatua ya tano. Kata vipande mara sabuni inapoganda na ingali vuguvugu, kwa kawaida baada ya muda wa saa nne hadi nane. Sabuni ya nazi ikilala kalibuni mpaka siku ya pili huwa ngumu kama jiwe, na kisu huipasua badala ya kuikata. Vaa glavu wakati wa kukata, kwani siku hiyo bado ina ukali.

Kuhusu manukato, sabuni ya kufulia haihitaji. Lakini najua wanachama watatamani mafuta ya makonyo, nasi ndio wenye kiwanda chake hapo Wawi. Tahadhari: mafuta ya makonyo huigandisha sabuni ghafla, pengine mwiko ukiwa ungali chomboni, na yakizidi huwasha ngozi. Yasizidi gramu 5 kwa kilo moja ya mafuta, yatiwe mwisho kabisa, na kalibu iwe tayari kando. Mwani uliosagwa nao hutiwa na baadhi ya vikundi vinavyouzia wageni. Hupamba sabuni na kuipa jina, lakini hauongezi nguvu ya kufua, na gharama yake iandikwe.

6. KUIVA NA KUJARIBU

Vipande vipangwe juu ya rafu penye hewa, visigusane, kwa wiki nne. Katika muda huo maji hutoka na sabuni hukamilika. Mwenye haraka ya kuuza wiki ya kwanza huuza maji na ukali.

Kabla ya kuuza, chukua kipande kimoja katika kila mpiko na kijaribu. Lowesha uso wa kipande kilichokatwa, uguse kwa karatasi ya kupimia ukali inayouzwa katika maduka ya vifaa vya maabara. Sabuni njema husoma 9 hadi 10. Ikisoma 11 au zaidi, mpiko wote usiuzwe. Uachwe wiki mbili nyingine na upimwe tena, na ukiwa vile vile, usiuzwe kabisa. Tazama pia kwa macho: kipande kinachotoa matone ya maji makali, au chenye mifuko ya unga mweupe ndani, ni kipande kilichokosewa kipimo au hakikukorogwa vya kutosha.

Chama kinachotaka kuuza madukani kionane na Taasisi ya Viwango Zanzibar ili kijue masharti ya ubora na ya maandishi ya karatasi ya nje. Kufanya hivyo mapema ni nafuu kuliko kuzuiliwa bidhaa ikiwa tayari.

7. UZITO WA KIPANDE NI AHADI

Kipande cha gramu 500 siku ya kukatwa chaweza kushuka hadi gramu 440 au chini yake baada ya wiki nne, kwa sababu ya maji yaliyotoka. Chama kikiandika "gramu 500" kwa kuwa ndivyo kilivyokata, kitakuwa kimesema uongo bila kukusudia. Pimeni sabuni ikiwa imekauka, na andikeni uzito huo.

Wenzetu waliotutangulia wametuachia fundisho. Waanzilishi wa duka la ushirika la Rochdale huko Uingereza, mwaka 1844, waliweka sharti la bidhaa safi na kipimo kamili, wakati ambapo maduka mengi yalikuwa yakiwapunja wafanyakazi. Miaka sitini na miwili baadaye, yaani mwaka 1906, kampuni ya Lever Brothers ya nchi hiyo hiyo ilipunguza kipande cha sabuni ya Sunlight kutoka wakia 16, yaani ratili kamili, hadi wakia 15, na bei ikabaki ile ile. Wakati huo huo kampuni hiyo na wenzake walikuwa wakikusudia kuunganisha viwanda vya sabuni. Magazeti yalipiga kelele, wanunuzi wakakasirika, na mwaka huo huo muungano ule ukavunjwa. Ni kweli kwamba mwaka 1907 Lever Brothers ililipwa fidia kubwa na gazeti la Daily Mail kwa namna lilivyoandika. Lakini wakia ile moja ilikuwa imekwisha kuigharimu imani ya wateja. Shirika la jumla la vyama vya ushirika vya Uingereza, lililokuwa na kiwanda chake cha sabuni, halikujiunga na muungano ule.

Kampuni kubwa ilitikiswa kwa wakia moja. Chama chetu cha wanachama ishirini katika shehia moja, ambamo kila mnunuzi anamjua mtengenezaji kwa jina, kitatikiswa kwa kidogo kuliko hicho.

8. HESABU: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Turudi kwa chama kile cha vipande 30. Bei nitakazotaja hapa ni za mfano wa somo tu, si bei za soko. Kila katibu aweke za kwake.

Tuseme mpiko mmoja wa kilo 10 za mafuta uligharimu hivi:

Kostiki soda kilo 1.78 kwa shilingi 5,000 kila kilo: shilingi 8,900
Karatasi za kufungia na glavu: shilingi 2,000
Nauli ya gari: shilingi 3,000
Jumla ya fedha taslimu: shilingi 13,900

Wanachama wakasema: "Mafuta ni ya nazi zetu, kazi ni ya mikono yetu." Wakauza vipande 30 kwa shilingi 1,500 kila kimoja, wakapata shilingi 45,000, na wakafurahi kuona "faida" ya shilingi 31,100.

Sasa tuandike kila kitu. Mafuta yale kilo 10 yangeliuzwa yenyewe kwa shilingi 6,000 kila kilo, yangelileta shilingi 60,000. Wanachama wanne walifanya kazi saa tatu kila mmoja, jumla saa 12. Tukizithamini kwa shilingi 1,500 kila saa ni shilingi 18,000. Hesabu kamili ni:

Mafuta: shilingi 60,000
Soda, karatasi, glavu na nauli: shilingi 13,900
Kazi: shilingi 18,000
Jumla: shilingi 91,900

Kila kipande kimegharimu takriban shilingi 3,063. Kwa kukiuza shilingi 1,500, chama hakikupata faida ya shilingi 31,100. Kilipata hasara ya shilingi 46,900. Hasara hiyo haikuonekana kwa kuwa haikutoka katika kisanduku cha fedha. Ilitoka katika minazi ya wanachama na katika migongo ya akina mama. Wangeliuza kwa shilingi 3,500, wangelipata shilingi 105,000 na ziada ya kweli ya shilingi 13,100.

Huenda mwanachama akauliza: "Na ikiwa dukani kipande kama hicho kinauzwa shilingi 2,500?" Swali hilo ndilo hasa linalotakiwa kuulizwa katika mkutano, na daftari pekee ndilo linaloweza kulijibu. Pengine jibu ni kuuza mafuta mazuri kama mafuta, na kutengeneza sabuni kwa mafuta yaliyokwishakaangia au ya nazi zisizopata bei. Pengine ni kutengeneza sabuni kwa matumizi ya nyumba za wanachama tu. Pengine ni kuacha. Si aibu kwa chama kuacha kazi isiyolipa. Aibu ni kuendelea nayo miaka mitatu bila kujua.

9. DAFTARI LA MPIKO

Kila mpiko uandikwe ukurasa wake, siku ile ile, si mwisho wa mwezi. Katibu aandike: nambari ya mpiko na tarehe, idadi ya nazi zilizokunwa na kilo za mafuta zilizopatikana, aina na uzito wa mafuta, uzito wa soda na soda iliyobaki ghalani, uzito wa maji, majina ya waliofanya kazi na saa zao, idadi ya vipande, uzito wa kipande siku ya kukatwa na siku ya kuuzwa, matokeo ya jaribio, vipande vilivyouzwa, vilivyotumiwa na wanachama na vilivyorudishwa, na sababu ya kurudishwa. Nambari ya mpiko ipigwe juu ya kila kipande au juu ya karatasi yake. Hapo mnunuzi akileta malalamiko, mtajua ni mpiko gani, nani alipima, na soda ilikuwa kiasi gani, bila ya kulaumiana.

Nazi ngapi hutoa kilo moja ya mafuta, hilo nalo kila chama kijipimie chenyewe. Nazi za shamba moja si sawa na za jingine, wala mkono wa mkamuaji mmoja si sawa na wa mwenziwe. Baada ya mipiko sita daftari lenu litawaambia ukweli wa shamba lenu kuliko kitabu chochote.

Nilirudi katika chama kile baada ya muda. Mzani ulikuwa juu ya meza, soda ndani ya kasha lenye kufuli, na ile chupa haikuwepo. Bi Katibu alinifungulia daftari jipya, ukurasa kwa ukurasa. Katika ukurasa wa mpiko wa nne alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Mpiko huu umekataliwa, mafuta yalikuwa na maji. Haukuuzwa." Katika kazi yangu ya ukaguzi, maneno kama hayo hunipa imani na chama kuliko safu ndefu ya faida.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gramu 178 za soda hutumika badala ya 183? Kungetokea nini kama tungetumia 200?
2. Chama kina kilo 6 za mafuta ya nazi na kilo 2 za mafuta ya alizeti yaliyokwishakaangia. Pigeni hesabu ya soda na maji yanayohitajika.
3. Kostiki soda ya chama chetu inakaa wapi hivi sasa? Nani ana ufunguo? Twendeni tukaitazame kabla ya mkutano kufungwa.
4. Tukithamini nazi zetu na saa zetu kwa bei za kwetu, kipande kimoja kinatugharimu shilingi ngapi? Je, tuendelee, tubadilishe, au tuache?

Katibu aandike majibu ya kikundi katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Mkaguzi atakapofika, ataanza na swali la tatu.

(Majibu ya swali la pili: soda ya mafuta ya nazi gramu 1,068, ya mafuta ya alizeti gramu 260, jumla gramu 1,328. Maji gramu 2,656.)